Motokaa ya Mjomba Isiyowaka

Mjomba akikuletea motokaa yake ndogo isiyowaka, akasema, "Wewe umesoma, itengeneze," usikimbilie spana. Kwanza ujue kilichoharibika.

Injini ya petroli yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Basi zungusha ufunguo, usikilize. Ikiwa injini haizunguki na taa zafifia, tazama betri. Unga mweupe ulioota katika ncha zake huondolewa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, waya zikiisha kufunguliwa, ule wa hasi kwanza. Kazi hiyo hata mwanafunzi aiweza, nayo gharama yake ni ndogo mno.

Lakini ukichomoa kijiti cha kupimia mafuta, ukayaona yamekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Maji yamechanganyika na mafuta, na mara nyingi gasketi ya kichwa cha silinda ndiyo iliyoharibika. Kukifunga kichwa hicho kwataka spana yenye kupima nguvu ya kukaza, na pengine chenyewe kimepinda, hakina budi kusawazishwa kwa mashine. Hapo mwite fundi, nawe umshikie taa, ujifunze.

Na breki? Mimi nasema mwachie fundi. Motokaa isiyowaka haiui mtu. Isiyosimama huua, na aliyemo ni mjomba wako na wanawe.

Tena, kabla ya kufungua hata skrubu moja, mwambie mjomba bei ya vipuri, mkaafikiane nani atalipa kifaa kikivunjika mkononi mwako.