Mishipa Ivujayo Damu Katika Utumbo Mwembamba

Wagonjwa wengi waliopungukiwa damu hupata nafuu wapewapo vidonge vya madini ya chuma. Wachache, hata hivyo, hurudi baada ya miezi kadhaa, viganja vyao vimepauka kama awali. Yamkini damu inawatoka mahali pasipoonekana. Katika nchi zetu hutafutwa kwanza minyoo ya safura na vidonda vya tumbo. Visipopatikana, hapana budi kuufikiria utumbo mwembamba.

Utumbo huu una urefu wa meta 6 hivi. Chombo cha kuchungulia kipitishwacho kinywani huishia karibu na mwanzo wake; kile kipitishwacho njia ya haja kubwa huishia karibu na mwisho wake. Sehemu kubwa ya kati hubaki gizani.

Miongoni mwa sababu za nadra ni hitilafu ya ateri iitwayo kwa jina la Georges Dieulafoy, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1898. Kwa kawaida ateri huzidi kuwa nyembamba kadiri inavyoukaribia utando wa ndani, mithili ya mto ugawanyikao kuwa vijito. Ateri yenye hitilafu hii haipungui: hubaki na kipenyo cha milimita 1 hadi 3 chini ya utando. Utando uchubukapo kidogo, damu hububujika, kisha yaweza kukoma ghafla bila kuacha kidonda kikubwa. Hitilafu hii hutokea zaidi katika mfuko wa chakula, lakini hata utumbo mwembamba haukusalimika.

Sababu nyingine ni vimishipa vilivyotanuka na kuwa na kuta dhaifu. Mwaka 1958 Edward Heyde, daktari wa Marekani, alieleza uhusiano kati ya kubana kwa vali ya aota moyoni na kutokwa damu matumboni. Damu ipenyapo kwa nguvu katika vali hiyo, protini kubwa zisaidiazo kuigandisha hukatika. Ndiyo maana vali ikibadilishwa, mara nyingi damu hukoma kuvuja.

Kidonge chenye kamera, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, humezwa na kupiga picha utumboni kote kipitapo. Hakitibu, bali huonyesha mahali pa kutibiwa.

Msomaji na akumbuke: choo cheusi, chenye kunata kama lami na kunuka vibaya, ni dalili ya hatari. Vidonge vya chuma navyo hukifanya choo kuwa cheusi. Kwa hiyo weusi huo usipuuzwe kwa kudhaniwa ni wa dawa. Kuongeza damu bila kutafuta ivujapo ni kujaza mtungi uliotoboka.