Kabla ya Kununua Mashine ya Kuoshea, Soma Kibandiko

Jumamosi moja mwezi wa Agosti mwaka jana nilirejea nyumbani na katoni yenye picha ya gari jeupe linalong'aa kama yai, nikamtangazia mama watoto kwamba taabu ya ndoo na matambara imekwisha. Alinitazama, akaitazama katoni, kisha akauliza swali moja tu: "Na maji yatatoka wapi?"

Naam, wapenzi wasomaji, hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa dukani kabla sijazitoa shilingi 9,500 zangu. Mtaani kwetu, viungani mwa jiji la Nairobi, maji ya mfereji hutujia siku mbili kwa juma, nazo hazitabiriki. Mashine hii ya stima haitengenezi maji. Huyapokea yakitiririka kwa upole na kuyatoa yakiwa na kasi ya kuweza kubandua rangi ukutani. Ikikosa cha kupokea, hufa. Kitabu cha maelezo nilichokikuta katonini kilitenga ukurasa mzima kuniasa nisiiache mashine mahali penye barafu, kwa sababu maji yakiganda ndani ya pampu huipasua. Kuhusu mfereji unaokauka ghafla katikati ya kazi, kilitoa sentensi moja, tena kwa herufi ndogo mfano wa mayai ya chawa. Aliyekiandika alikuwa akiwaza nchi nyingine kabisa.

Mashine zenyewe si ngeni duniani. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilitoa mwaka 1950 mashine ya kwanza barani Ulaya ya kuoshea kwa maji moto yenye shinikizo kuu, na mwaka 1984 ikatoa ndogo ya kubebeka, kwa ajili ya watu wa majumbani. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo kimya. Huko Ufaransa liligeuka nomino ya kawaida, kiasi kwamba Nicolas Sarkozy, akiwa waziri wa mambo ya ndani mwaka 2005, alipozuru mtaa wa La Courneuve na kuahidi kuusafisha kwa chombo hicho, kila Mfaransa alielewa kwamba waziri hazungumzii uchafu wa kuta bali watu. Hasira ikawaka, na kampuni ikalalamika jinsi jina lake lilivyotumiwa.

Sisi bado hatujaafikiana tuiiteje. Vijana waoshao magari huiita 'mashine' basi, na wengine 'presha'. Mama mzazi aliposikia kwamba nimenunua presha, alitaka kujua daktari amesemaje. Vitabu vya sayansi vina istilahi 'kanieneo', iliyoundwa kwa kuunganisha 'kani' na 'eneo', nami nakiri kwamba ni miongoni mwa istilahi ninazozihusudu, kwani maana yote ya kifizikia imo ndani ya neno. Kani ile ile ikibanwa katika eneo dogo, kanieneo hupanda. Ndiyo siri ya mashine nzima: pampu husukuma maji, na tundu lililo kwenye pua, jembamba kuliko kijiti cha kiberiti, huyabana. Tundu hilo likilika kwa mchanga na kupanuka, mashine hudhoofika ingawa mota ingali nzima. Mwalimu wa fizikia anayesoma makala haya ana somo zima hapo, wala hahitaji maabara.

Ana somo la pili kwenye kibandiko, nalo ndilo lingeniokolea fedha. Kila mashine hubandikwa tarakimu tatu: wati, yaani nguvu ya stima inayokula, bar, yaani kanieneo, na lita za maji kwa dakika. Zidisha bar kwa lita za kila dakika, ugawe kwa 600. Jibu ni kilowati ambazo maji yenyewe yanabeba yatokapo. Yangu iliandikwa wati 1,400, bar 150, lita 8. Mia moja na hamsini mara nane ni 1,200. Ukigawa kwa 600 unapata kilowati 2. Yaani mashine inakula wati 1,400 na kutoa 2,000! Ng'ombe wa namna hiyo, anayetoa maziwa mengi kuliko maji aliyokunywa na majani aliyokula, hajazaliwa. Ukweli ni kwamba sehemu ya stima hupotelea katika joto na makelele, hivyo jibu halali lazima liwe dogo kuliko wati za kibandiko, na si kwa kiasi kidogo.

Je, mtengenezaji alidanganya? Hapa ndipo lugha inapoingia. Mbele ya kila tarakimu mlikuwa na kifupisho cha herufi tatu chenye maana ya 'upeo'. Upeo wa kanieneo hupatikana wakati maji karibu hayatoki. Upeo wa maji hupatikana wakati hayabanwi. Kila tarakimu yaweza kuwa ya kweli peke yake, ila mbili hizo hazikutani kamwe katika saa moja ya kazi. Ni kama kumsifu mtu kwamba hukimbia kasi kuliko wote na hubeba gunia la kilo 90, pasipo kutaja kwamba hafanyi hayo kwa pamoja. Tafuta tarakimu iliyoandikwa kuwa ni ya kazi ya kawaida. Isipokuwepo, iache hiyo mashine rafuni. Kwa kuosha gari, ua wa saruji na kuta za nje, bar 90 au 100 za kweli zinatosha.

Jambo jingine ambalo katoni hailitaji ni aina ya mota. Mashine za bei ya chini aghalabu hutumia mota nyepesi yenye vijipande vya kaboni ambavyo husuguana na kulika. Hupiga kelele na haipendi kazi ya muda mrefu. Zilizo ghali zaidi hutumia mota nzito isiyo na kaboni, yenye sauti ya chini na umri mrefu. Uzito, basi, si kasoro. Hata hivyo, mwenye gari moja na ua mdogo hahitaji ile nzito, mradi aipumzishe yake kila baada ya robo saa.

Muuzaji aliniambia pia kwamba mashine huokoa maji. Nilipima. Mpira wa kawaida ulijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja na nusu. Mashine ilichukua dakika tatu na nusu hivi. Kwa hiyo muuzaji alisema kweli, kwa mwenye kuosha gari kwa mpira. Lakini kijana anayetuoshea magari pale mtaani hutumia ndoo tatu na matambara mawili, lita 60 jumla, nami kwa mashine nilitumia zaidi ya 80. Takwimu hiyo sikumwonyesha mama watoto.

Mashine yangu ya kwanza iliishi miezi minne. Siku hiyo nilikuwa nikiosha ua, simu ikalia, nikaingia nyumbani huku nimemwachia mpwa wangu wa miaka kumi na mitano bunduki ya mashine. Mfereji ukakata. Yeye akaendelea kuibana, akidhani kwamba sauti iliyobadilika ni ya mashine kuchapa kazi. Nilipotoka baada ya dakika kumi, palikuwa na harufu ya mpira ulioungua.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali. Aliifungua mbele yangu, akanionyesha pistoni tatu fupi ambazo husukumwa kwa zamu na sahani ya chuma iliyoinama upande, na kila pistoni ikiwa imevishwa pete ya mpira, ambayo mafundi huiita 'sili'. Pete hizo hupozwa na kulainishwa na maji yale yale yanayopita. Pasipo maji, ni mpira mkavu unaosuguana na chuma mara maelfu kwa dakika. "Mwalimu," akasema, "hii imekunywa hewa." Ilimchukua maneno matatu kueleza ambalo kitabu changu kilishindwa kulieleza kwa lugha saba, Kiswahili kikiwa si mojawapo. Sili za saizi ile hazikupatikana, na hilo nalo ni funzo: kabla ya kununua, muulize muuzaji kama ana sili, pua na mpira wa akiba wa mashine hiyo hiyo. Akianza kukuonyesha rangi ya mashine, ondoka.

Ya pili niliichagua kwa kikokotoo mkononi, nayo ingali hai. Naitunza hivi. Maji huyapata kutoka tangi lililoinuliwa, wala siiungi tena moja kwa moja kwenye mfereji, na kabla ya kuanza huchungulia kama tangi limejaa. Naunga mpira, nafungua maji, kisha nabana bunduki kabla sijawasha stima, mpaka maji yatoke bila mapovu. Hapo ndipo hewa yote inakuwa imetoka. Chujio dogo lililo mahali maji yanapoingilia hulifungua na kulisuuza kila mara, maana maji yetu ya kisima yana mchanga na chumvi. Pua ikiziba huizibua kwa pini nyembamba, mashine ikiwa imezimwa. Nimalizapo, nazima stima, nafunga maji, kisha nabana bunduki tena ili kanieneo iliyobaki itoke. Kuiacha ndani ni kuzichosha sili usiku kucha. Maungio hupakwa mafuta kidogo ya silikoni. Ikiwa nimetumia sabuni, hupitisha maji safi mpaka povu liishe. Hayo yote hayafiki dakika kumi.

Ningeishia hapo lau si lililotokea Januari.

Yule kijana wa kuosha magari aliniomba mashine. Nilimpa, nikaona haya kidogo, maana kwa miezi kadhaa nilikuwa nimemnyima kazi yake kwa sababu ya kichezeo changu. Nilikuwa ndani nikisahihisha mitihani niliposikia mota ikianza, nikatoka kutazama. Kichwa cha waya wa kuongezea kilikuwa kimevunjika, naye alikuwa amezichomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti, bila ule waya wa tatu wa ardhi. Maungio mengine alikuwa ameyazungushia utepe, nayo yalikuwa yamelala ndani ya kidimbwi. Yeye mwenyewe alikuwa pekupeku. Sikumpigia kelele. Nilitembea hadi kwenye swichi, nikaizima, kisha miguu ikaniishia nguvu nikaketi kizingitini.

"Mwalimu, kwani imeandikwa wapi?" akaniuliza nilipomweleza. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa nne, kwa Kiingereza. Kijana huyu alimaliza kidato cha nne na Kiingereza anakisoma. Lakini sentensi yenyewe ilikuwa na maneno arobaini na mawili, na kitenzi chake kikuu kilikuwa kimejificha karibu na nukta. Mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu nilikuwa nimekipitia kitabu hicho kwa jicho moja, nikakitia kabatini.

Jioni ile niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Niliandika 'kifyatulio', 'kanieneo', 'kipitishi cha umeme'. Nilipompa asubuhi, aliusoma kwa adabu zote, akaniuliza kifyatulio ndicho kipi. Tukaketi pamoja kwenye ngazi, tukauandika upya kwa maneno ya ua wetu: mpira, pua, triga, sili, waya. Tuliandika kwamba maungio ya waya yakae juu pakavu. Kwamba waya wa kuongezea uwe mnene na ukunjuliwe wote, kwa kuwa uliojiviringisha hupata joto. Kwamba kichwa kiwe kizima chenye meno matatu. Kwamba viatu vya mpira vivaliwe. Mimi nikaongeza kwa gharama yangu swichi ya usalama ya miliampea 30, ile ikatayo stima mara inapohisi kwamba inavujia ardhini.

Kisha kuna bunduki. Vijana huelekezeana kwa mzaha, wakilowanishana, nami nilikuwa nikidhani jina hilo ni tashbihi tu. Sivyo. Maji ya kanieneo hiyo yakitoka karibu na mwili huweza kupenya ngozi na kuingia kwenye nyama. Kidonda cha nje huwa kijitundu kisichotisha, hata mtu akakifunga kitambaa na kuendelea na kazi, ilhali ndani maji na uchafu vimesambaa. Huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, hata kama haumwi. Tuliliandika hilo juu kabisa ya ukurasa. Chini yake tukaandika kwamba gari huanzwa kuoshwa kwa mbali, pua ikiwa imetanuliwa, na kwamba magurudumu hayasogelewi, maana maji hayo huweza kuudhuru mpira wa gurudumu bila dereva kujua.

Ukurasa huo umebandikwa ukutani karibu na tangi, umevishwa nailoni. Watoto wa jirani wameshausoma mara nyingi kuliko tasnifu yangu.

Mwezi uliopita kijana alinipigia simu akiwa dukani mjini. Alikuwa amejiwekea akiba ya kununua mashine yake mwenyewe, na muuzaji alikuwa amemtolea moja. "Mwalimu, hii inasema bar 200, lita 7, wati 1,500." Nilitafuta kalamu. Kabla sijaipata, nilimsikia akimwambia muuzaji kwamba mia mbili mara saba gawa kwa mia sita ni mbili na ushei, tafadhali amtolee nyingine.