Parkinson: Mgonjwa anaporusha mateke au kula usiku

Hapa Chita, mgonjwa wa Parkinson akipiga kelele na kurusha mateke usingizini, wengi husema amerogwa. Hapana. Ubongo wake umeshindwa kuulegeza mwili wakati wa ndoto. Wekeni godoro kando ya kitanda, ondoeni vitu vyenye ncha kali.

Mwingine huamka usiku akala kiporo bila kuweza kujizuia. Baadhi ya dawa za Parkinson, hasa jamii ya pramipeksoli, huweza kuleta hali hiyo. Kumgombeza hakusaidii. Akila, aketi wima asipaliwe. Moto jikoni uzimwe mapema.

Msisimamishe dawa ghafla, ni hatari. Andikeni saa anazoamka, mpeleke mgonjwa na dawa zake zote kituoni au hospitalini Ifakara. Daktari anaweza kubadilisha dozi.