Gari Linachemsha: Je, Feni Inazunguka?

Kijijini gari si anasa. Gari moja kuukuu hubeba mahindi kwenda mnadani, hupeleka mama mjamzito hospitali, na hulisha nyumba ya mwenye gari na ya dereva wake. Gari hilo likichemsha vibaya mara moja tu, gasketi huungua au silinda hedi hupinda. Hapo injini hufunguliwa, na fedha za mavuno huishia kwa fundi.

Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: fyuzi iliyokatika, waya ulioliwa na kutu, au feni isiyozunguka. Leo tujifunze kuipima feni hatua kwa hatua, ili tusinunue spea kwa kubahatisha.

KAZI YA FENI

Injini huchoma mafuta, na moto huo huleta joto jingi. Maji hupita ndani ya injini, hulichukua joto na kulipeleka kwenye rejeta. Hewa ikipita katikati ya mapezi ya rejeta, huliondoa joto hilo. Maji yaliyopoa hurudi kwenye injini. Injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 85 hadi 95 hivi za Selsiasi.

Gari likienda mbio, upepo wa njiani hutosha kuipoza rejeta. Likienda polepole, au likisimama sailensa, upepo huo haupo. Hapo feni ndiyo inayovuta hewa.

Basi shika neno hili. Gari likichemsha linaposimama au kwenda polepole, lakini likapoa likishika lami na kukimbia, ishuku feni kwanza. Likichemsha hata likiwa mbioni, shuku maji pungufu, rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama au pampu ya maji.

USALAMA KWANZA

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kifuniko hicho huyabana maji, na maji yaliyobanwa yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukikifungua, yanafoka ghafla na kukuunguza uso na mikono. Ngoja mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono mtupu.

Kifuniko kibovu nacho huchemsha gari. Mbeya, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzi kama 94 au 95. Kwa hiyo kwenye nyanda za juu kifuniko kisichobana huleta taabu mapema zaidi.

Jambo la pili: kwenye magari mengine feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kabla hujatia mkono, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Vua skafu, na kunja mikono ya shati.

FENI YA MKANDA

Land Rover, Land Cruiser za zamani na malori mengi yana feni inayozungushwa na mkanda wa injini. Zima injini, toa ufunguo, kisha bonyeza mkanda kwa dole gumba. Ukizama sana umelegea. Ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, utafutie badala.

Nyingi za feni hizo zina klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono. Inapasa iwe nzito kidogo. Ikizunguka yenyewe raundi nyingi kama gurudumu la baiskeli, klachi imekufa. Ukiona pia mafuta yametapakaa kwenye klachi, ujue yamevuja.

FENI YA UMEME

Magari madogo mengi, kama Toyota Corolla za miaka ya 1990, yana feni yenye mota ya umeme. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Tazama maji. Injini ikiwa baridi, rejeta iwe imejaa. Kuna swichi ya joto inayohisi joto la maji na kuamuru feni iwake. Maji yakipungua, swichi hukaa kwenye hewa na haihisi sawasawa. Feni nzima huonekana mbovu, kumbe tatizo ni maji.

2. Chomoa hasi ya betri, zungusha feni kwa mkono. Ikiwa ngumu au inakwaruza, mota imekwisha ndani. Tazama pia kama mapanga yamevunjika.

3. Rudisha betri. Washa injini, acha gari sailensa, na utazame mshale wa joto. Feni inapasa kuwaka kabla mshale haujakaribia alama nyekundu. Mshale ukizidi kupanda na feni kimya, zima injini mara moja. Usingoje kuona mwisho wake.

4. Tazama fyuzi ya feni. Nafasi yake na ampea zake zimeandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampea zile zile. Ikikatika tena, kuna waya uliopiga shoti au mota inakula umeme mwingi kupita kiasi.

5. Ipime mota peke yake. Chomoa soketi ya feni. Chukua nyaya mbili nene, mmoja ukiwa na fyuzi, uipe feni umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Weka mikono mbali na mapanga. Feni isipozunguka, mota ni mbovu. Ikianza baada ya kugongwa kidogo, kaboni zake zinakaribia kwisha. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, usinunue nyingine. Tafuta kosa kwenye njia ya umeme.

6. Ipime swichi ya joto. Rudisha soketi ya feni, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha chomoa soketi ya swichi ya joto. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 feni itawaka hapo hapo. Zilitengenezwa hivyo makusudi: waya wa swichi ukikatika, feni huzunguka na injini hupona. Magari mengi ya Ulaya ya miaka hiyo ni kinyume. Kwao, nyaya mbili za soketi zikiunganishwa, ndipo feni huwaka. Ikiwa feni inawaka kwa jaribio hili, lakini haiwaki maji yakiwa ya moto na rejeta imejaa, swichi ya joto imekufa.

7. Ikiwa bado haiwaki, chukua taa ya testa. Acha jaribio la hatua ya 6 likiwa vile vile, na uchomoe soketi ya feni. Gusisha ncha za taa kwenye matundu mawili ya soketi. Taa isipowaka, weka ncha moja kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi, na nyingine ujaribu tundu moja moja. Ikiwaka sasa, chanya inafika, ila waya wa athi umekatika au una kutu. Usugue na uukaze. Isipowaka popote, shuku rilei au waya wa kutoka kwenye rilei.

Hapa tuwe waangalifu. Mafundi wengine huazima rilei ya honi kwa sababu zinafanana umbo. Rilei nyingine hufanya kazi kinyume: hupitisha umeme zikiwa zimepumzika. Linganisha namba na kimchoro kilichopo ubavuni kabla ya kubadilisha.

FENI INAZUNGUKA, GARI BADO LINACHEMSHA

Labda inazunguka kinyume. Nyaya mbili za mota zikibadilishwa, mota hugeuka. Hili hutokea baada ya ukarabati. Feni iliyo nyuma ya rejeta inapasa kuvuta hewa kutoka mbele ya gari. Ikiwa inazunguka, weka karatasi mbele ya rejeta. Ikinaswa, ni sawa. Ikisukumwa, badilisha nyaya. Tazama pia kama mapezi yameziba kwa vumbi, nyasi na wadudu. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, yasije yakapinda.

MAMBO YA KUEPUKA

Usizungushie fyuzi karatasi ya sigara au waya. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiizuia, moto huanzia chini ya boneti.

Usitoe themostati ukidhani umeponya gari. Injini itakuwa baridi mno njiani, italika mapema na kula mafuta, na feni itabaki mbovu.

Usimwagie injini ya moto maji baridi. Chuma kikipoa ghafla hupasuka.

Wengine hufunga feni moja kwa moja na betri. Kwa kufika nyumbani hilo si baya, mradi kuna fyuzi, na waya unachomolewa gari likizimwa. La sivyo asubuhi betri haina kitu. Lakini lisiwe tengenezo la kudumu.

Na ukikamatwa njiani? Mshale ukianza kupanda, fungua hita mpaka mwisho na ushushe vioo. Hita huchukua joto kidogo la injini. Mshale ukikaribia nyekundu, egesha, zima, na ungoje nusu saa au zaidi. Ukiwa na abiria mgonjwa, mtafutie gari jingine. Ukilazimisha, mtakwama wote mbali na msaada.

Fyuzi na waya wa athi ni kazi ndogo. Kunyoosha silinda hedi ni kazi kubwa. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Gari linachemsha likisimama tu. Kwa nini tunaishuku feni?
2. Feni imezunguka ilipopewa umeme wa betri moja kwa moja. Je, tununue mota mpya?
3. Kwa nini ni hatari kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto?
4. Je, kijijini kwenu nani ana taa ya testa? Kama hakuna, mnaweza kuitengeneza kwa balbu ya gari ya volti 12 na nyaya mbili?