Kinga Ambayo Haijavuka

Bibi mmoja wa Tanga ametuandikia. Mjukuu wake amezaliwa njiti, wiki ya 29, na nesi amewazuia ndugu wasimshike kwa sababu "kinga yake bado haijafika". Bibi anauliza: haijafika kutoka wapi?

Shikamoo bibi. Nesi amesema kweli tupu. Habari za ngozi nyororo na mapafu machanga ya njiti umekwisha kuzisikia wodini, sizirudii. Mimi nimenasa kwenye neno "haijafika", kwa kuwa kinga ya mtoto mchanga husafiri hasa, tena ina kivuko chake.

Msafiri ni kingamwili aina ya IgG, zile ambazo mama amezipata kwa surua ya utotoni au sindano ya pepopunda ya kliniki. Mahali pa kuvukia ni kondo la nyuma. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki hapo, kama gati mbili za kivuko, Magogoni na Kigamboni, zilivyotenganishwa na maji. Seli za kondo hufyonza matone ya majimaji ya damu ya mama, na pamoja nayo protini za kila namna, zimebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Kisha ndani ya kifuko kilichozibeba huingia uchachu. Hapo ndipo molekuli moja hukunja mkono na kuishika IgG barabara. Protini zisizoshikwa humeng'enywa. Iliyoshikwa huvushwa hadi ng'ambo, kifuko hufunguka upande wa mtoto usio na uchachu, mkono ukaachia, abiria akashuka. Hakuna nahodha wala mkata tiketi. Uchachu ndio unaoamua wapi ashikwe na wapi ashushwe. Mwanazuolojia Rogers Brambell wa Bangor, Wales, alitabiri molekuli hii mwaka 1958, miaka mingi kabla haijapatikana. Kila nikimfikiria nafurahi upya.

Wataalamu huiita kipokezi. Neno hilo halinikai. Anayepokea husimama gatini akingoja mgeni. Huyu anakwenda kumchukua ng'ambo ya pili na kumleta. Ikiwa tumekubali kihisi kwa kinachohisi, basi tukubali na kivushi kwa kinachovusha. Nitaliandika hivyo tangu leo.

Sasa ratiba. Kivushi huanza kazi mapema, karibu na wiki ya 13, lakini abiria ni wa kuhesabu. Msongamano huja baada ya wiki ya 28, ukazidi kila wiki, hata mtoto aliyetimiza miezi yake mara nyingi huzaliwa na IgG nyingi kuliko za mama yake mwenyewe. Mjukuu wako, bibi, ameondoka gatini foleni ikiwa ndiyo kwanza inajipanga. Mama alikuwa nazo za kutosha, zimebaki Magogoni.



Kinga iliyobaki haipiti kondo. Dang'a, maziwa mazito ya mwanzo, yana kingamwili aina ya IgA zinazolinda utumbo, kwa hiyo kila tone mama analokamua lina kazi. Kuna na kifua chake. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano, watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28, dhidi ya 15.7 ya waliosubirishwa hadi watengemae. Naamini sababu mojawapo ni bakteria: kifuani mtoto hukutana kwanza na wale wa mama, ambao kingamwili chache alizovushiwa zinawafahamu.

Ninyi ndugu ngojeni nje kwanza, mama amfunge kwa khanga. Na mkienda kliniki, chanjo zihesabiwe tangu siku aliyozaliwa, si siku aliyotarajiwa.