Mtoto Wangu Ana Nini?

Jioni moja hapa Bububu, baada ya kikao chetu cha kanisani, mama mmoja alibaki nyuma akikunja mikeka ambayo tayari ilikwisha kukunjwa. Tulipomkaribia akasema, "Sista, mtoto huyu amenishinda."

Alikuwa akimzungumzia mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Nyumbani akiitwa haji. Skuli hatulii, huwapiga wenzake, na mwalimu akimwuliza swali hujibu jambo jingine kabisa, darasa zima likacheka. Bakora alizipata skuli na nyumbani pia. Baba yake alikuwa ameanza kusema apelekwe Pemba kwa shangazi yake akanyooshwe.

Tunaona haya kueleza jibu tulilompa siku ile. Tulimwambia awe mkali zaidi, aache kumdekeza. Tumefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na hatukumwuliza hata swali moja juu ya mwili wa mtoto.

Miezi mitatu baadaye aliletwa kliniki kwa homa. Usaha ulikuwa ukimtoka sikio la kulia, na daktari alipochungulia la kushoto akakuta ngoma ya sikio ina tundu. Mama alieleza kwamba usaha huo ulianza mtoto akiwa na miaka mitatu, ukija na kuondoka, naye akiutilia mafuta ya nazi ya vuguvugu kama alivyofundishwa na mama yake. Mtoto alikuwa hasikii vizuri. Akiitwa kutoka uani haji kwa kuwa hajui kama ameitwa. Na mtoto anayechekwa kila siku, mwisho atajifunza kutumia ngumi.

(Tafadhali, sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta, wala maziwa ya mama, wala kijiti. Likaushwe kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa, na mtoto apelekwe kituo cha afya.)

Tangu siku ile tumejiwekea desturi. Mama akituambia mtoto wake ni mkorofi, tunaanza na mwili. Je, anasikia? Anaona ubao? Analala saa ngapi, au televisheni na simu humkesha? Je, kuna nyakati anakodoa macho kwa sekunde chache, haitiki, kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea? Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu, ambayo mwalimu huiona kuwa ni dharau na jirani huiona kuwa ni pepo. Hata dawa nazo huleta mambo: fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotumika sana kwetu, huwafanya baadhi ya watoto kuwa wasumbufu kupita kiasi. Mama asiikatishe ghafla, maana degedege laweza kurudi kwa nguvu. Arudi kwa daktari aeleze. Na anayekojoa kila mara katika sehemu za Unguja na Pemba zenye kichocho, apimwe mkojo kabla ya kuitwa mvivu wa kuamka usiku.

Wapo watoto ambao masikio na macho ni mazima, lakini hawawezi kutulia wala kumaliza jambo walilolianza. Daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake London mwaka 1902, kwa hiyo si ugonjwa wa kizazi cha simu. Hali hii mara nyingi hurithiwa. Mtoto anajua lililo sawa, ila breki zake zinachelewa kushika. Daktari hutazama kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi sita au zaidi, na kama zinaonekana nyumbani na skuli. Anayesumbua mahali pamoja tu, tujiulize kwanza pana nini mahali hapo.

Mtoto wa namna hii asipewe maagizo matano kwa pamoja. Mkaribie, mtazame, mwambie moja: "Chukua ndoo." Akiirudisha imejaa, mwambie hilo hilo alilofanya vizuri, siyo "mtoto mzuri" tu. Tunajua ni kazi, hasa ukiwa na wengine wanne na chungu kiko jikoni.

Kuhusu bakora, utafiti uliofanywa Bara na Zanzibar mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionyesha kwamba Zanzibar zaidi ya nusu ya wasichana, na wavulana wengi zaidi, walipigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kama fimbo ingekuwa dawa, visiwa hivi visingekuwa na mtoto mkorofi hata mmoja.

Kwa vijana tunatazama zaidi mabadiliko ya ghafla. Binti aliyekuwa mcheshi akinyamaza, akakataa kwenda kwa ndugu fulani, akaanza kutoroka skuli au kujikata, asianze kuhojiwa juu ya adabu yake. Mama akae naye faragha, asikilize bila kupiga kelele. Akihofia kwamba amechezewa, kituo cha Mkono kwa Mkono kipo hospitali ya Mnazi Mmoja. Na akisema amechoka kuishi, tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14, na kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anayo.

Hapo tutalitaja jina ambalo wengi hawapendi kulisikia: Kidongo Chekundu. Wengi wetu tumekua tukilisikia jina hilo kwa utani na vitisho. Ni hospitali, ina madaktari na wauguzi, na mtu huenda asubuhi akarudi mchana na dawa zake. Mama akienda achukue daftari alimoandika kwa wiki mbili: mtoto alifanya nini, saa ngapi, kulitokea nini kabla yake, na sisi tulifanya nini baadaye. Mama mmoja aligundua kwa daftari hilo kwamba fujo zote za mwanawe zilikuwa kati ya saa sita na saa nane mchana. Alikuwa akienda skuli bila kula.

Kwa yule mama wa mikeka tulikwenda nyumbani, tukamwomba radhi mbele ya mumewe. Safari ya Pemba ilifutwa. Mtoto alitibiwa masikio, na mwalimu akamhamishia dawati la mbele, upande wa sikio linalosikia afadhali. Sikio la kushoto bado ni zito. Juma lililopita tulimkuta juu ya mwembe wa jirani akiangusha maembe mabichi. Mama yake alitoka, akasimama pale anapoweza kuonekana, akamwita mara moja. Akashuka.