Ardhi ya Amana: Maana Yake Nini?

Mara nyingi katika mabaraza tunasikia watu wakisema, "Hii ardhi ni ya kaunti, sisi tumekaa tu." Maneno hayo tuyaangalie vizuri, kwa sababu yanaweza kutupotezea malisho, visima na makaburi ya wazee wetu.

Zamani ardhi ya namna hii iliitwa trasti lendi, yaani ardhi ya amana. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi wake, wewe unamchunga tu. Huwezi kumchinja wala kumwuza, kwa maana si wako. Anayeshika amana huitwa mdhamini. Ardhi iko mikononi mwake, lakini faida ni ya wenyewe.

Neno hili lilianzaje? Kwa sheria ya mwaka 1915, ardhi waliyokalia Waafrika ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1930 ikatungwa sheria ya amana, ikaahidi kwamba maeneo waliyotengewa wenyeji yatakuwa yao daima. Kipande kikichukuliwa, wangepewa kingine badala yake. Lakini mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega, na mwaka 1932 serikali ikabadilisha sheria ili ichukue ardhi ya machimbo bila kutoa nyingine. Kumbe mdhamini akitamani mbuzi, amana huwa hatarini!

Baada ya Uhuru mwaka 1963, amana ilikabidhiwa kaunti kaunsili. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi kaunsili nyingine zilivyogawa ardhi hiyo kwa watu binafsi huku wananchi wakiachwa mikono mitupu.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta jina jipya: ardhi ya jamii. Lakini si jina tu lililobadilika. Sasa mwenyewe ni jamii. Serikali ya kaunti ni mdhamini wa ile ambayo haijasajiliwa peke yake, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaikataza kuiuza au kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Serikali ikichukua sehemu kwa kazi ya umma, kaunti inazitunza pesa za fidia katika akaunti yenye riba mpaka jamii isajiliwe.

Basi tufanye nini?

1. Tukutane kwa mkutano wa hadhara, tuchague kamati ya watu 7 hadi 15.

2. Tuandike jina la jamii, kanuni zetu, na orodha ya wanajamii wote, wanaume na wanawake. Mjane asiachwe nje.

3. Tupeleke karatasi hizo kwa msajili wa ardhi ya jamii, pamoja na kumbukumbu za mkutano. Baadaye ardhi hupimwa, mipaka ikajulikana, na hati hutolewa kwa jina la jamii.

Hata hati ikishapatikana, kamati haiwezi kuuza kwa siri. Lazima theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa wakubali.

Kwa hiyo, mtu akikuambia ardhi ni ya kaunti, mwulize: imeshasajiliwa? Kama bado, kaunti imeshika amana tu. Wenyewe ndio sisi, na ni juu yetu kwenda kuidai.